Nyuma ya Ukurasa wa Nne

Nyumbani, mlango wa kijani,
Ghorofa ya pili.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umelala, na kwamba lile jicho la kushoto walilokupasua limeshatolewa bandeji. Binti yako aliniambia kwenye simu kuwa siku ya kwanza ulipoona vizuri ulimwambia daktari kwamba alikuwa mzuri zaidi kabla hajakutibu. Nilicheka peke yangu jikoni. Na magoti je? Ile fimbo unaitumia, au bado umeitundika nyuma ya mlango kama mwavuli? Jibu kila swali, usiruke hata moja.

Sisi huku tu wazima. Presha yangu imetulia. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na sita nikiripoti habari za mahakama, na mhariri kaniletea kiti kipya cha kuzunguka ambacho kinalia kama paka kila ninapogeuka. Nimekirudisha stoo, nimerudi kwenye kile cha zamani.

Lile bomba la jikoni ulilokuwa ukilipiga kofi ndipo litoe maji, hatimaye limetengenezwa. Bado nalipiga kofi.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniandikia mara tatu: mbona Rula hajibu barua zangu? Mara zote tatu nilikujibu kwamba ndugu yangu amebanwa na kazi. Haikuwa kweli. Sijazoea kuandika lisilo kweli, na limenikaa rohoni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo leo nakuandikia yote. Jicho likichoka, lipumzishe. Barua haikimbii.

Jina la Rula ulimpa wewe, alipokuwa na miaka sita, ulipomkuta akipima vipande vya mkate kwa rula yako kabla ya kuchagua chake. Ulikuwa karani pale shuleni, ukamletea muhuri wa zamani usio na kazi tena. Aligonga kila kitu: ukuta, mto, kitabu changu cha hesabu, hata paji la uso wangu. Mezani akawa anatutangazia, "Kisicho na muhuri hakiliwi!" Tulicheka sana. Yeye hakuwa anatania.

Na unakumbuka ile barua yako aliyokurudishia alipokuwa ameshakuwa wakili? Aliibania kikaratasi: "Irudi kwa mwandishi, haina tarehe." Uliibandika ukutani ukawa unaonyesha kila mgeni. Nayo tuliicheka.

Mahakamani huko ndiko zoea hilo lilikompa jina mjini. Kabla kesi haijasikilizwa, wakili anaweza kusimama na kusema karatasi za mwenzake zina kasoro, hivyo hazifai hata kusomwa. Hiyo wanaiita pingamizi la awali. Rula ndiye bingwa wake. Anapekua jalada kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Makarani wanamwita Bwana Kurasa. Nimemwona akiangusha kesi ya miaka miwili kwa sababu orodha ya viambatisho ilitaja tisa na vilivyobanwa ni kumi. Nami niliketi pale pembeni nikiandika, na wasomaji walizipenda sana habari za namna hiyo. Lazima niseme hivyo tangu mwanzo, usije ukadhani namnyooshea kidole yeye peke yake.

Mwezi wa tano ilikuja kesi ya wapangaji wa jengo moja la ghorofa nne, nyuma ya posta ya zamani. Ngazi zao zilikuwa zimepasuka. Walitaka mahakama imwamuru mwenye jengo azifunge na kuziegemeza magogo mpaka zijengwe upya. Rula alikuwa wakili wa mwenye jengo. Aliyeapa kwa niaba ya wapangaji alikuwa mama mmoja mshonaji wa ghorofa ya tatu, ambaye jengo zima lilimwita Bibi Pazia kwa kuwa alishona mapazia tu, hakushona nguo. Kwenye hati yake ya kiapo ilibanwa ripoti ya mhandisi, kurasa sita.

Kanuni inasema kila ukurasa wa kiambatisho ugongwe muhuri wa kamishna wa viapo, yule aliyemwapisha muapaji. Rula alisimama, akainua nakala yake, akasema ukurasa wa nne hauna muhuri. Ukurasa wa nne ulikuwa ndio wenye picha ya ufa.

Wakili wa wapangaji ni mwanamke wa makamo, miguu imemvimba kwa kusimama, kila siku ana begi lililotatuka mshono. Alisema, "Mheshimiwa, muhuri uligongwa mbele ya macho yangu."

"Basi mwenzangu atuonyeshe," Rula akasema.

Yule wakili akafungua nakala yake. Hakukuwa na muhuri. Jaji akatazama ya kwake. Hakukuwa na muhuri. Tangu majalada mawili yapotee mwaka juzi, majaji wetu hufanyia kazi nakala, na lile halisi hubaki masijala chini ya ufunguo wa karani. Hakuna aliyesema likaletwe. Masijala iko upande wa pili wa korido, hatua thelathini hivi.

Mhandisi mwenyewe alikuwa ameketi nyuma pamoja na wapangaji. Jaji akamuuliza kutoka kule juu, "Hebu tuambie, hizi ngazi zitaanguka?"

"Mheshimiwa, siwezi kusema zitaanguka. Ninachoweza kusema ni kwamba ufa umezidi kipimo kinachokubalika kwa milimita saba."

"Kwa hiyo hazitaanguka?"

"Hilo pia sijalisema, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Rula hakucheka. Alisema yule hajaapishwa, kwa hiyo maneno yake hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu. Jaji akakubali, hayakuingia.

Mjadala ulichukua dakika hamsini. Nilihesabu baadaye kwenye daftari langu: muhuri ulitajwa mara arobaini na moja, ngazi mara mbili. Mwishoni jaji akasema mahakama haiwezi kukiona kisichokuwa mbele yake. Ombi likaondolewa, wapangaji wakaruhusiwa kulileta upya likiwa limekamilika. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Koridoni Bibi Pazia alinishika mkono wa blauzi. "Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndimi, mama."

"Ngazi zetu umeziona?"

"Bado."

"Umeandika ukurasa mzima na hujaziona? Haya, njoo kesho. Njoo saa nne asubuhi, ndiyo saa ninayopanda na vitambaa vyangu kutoka sokoni. Tena utanishika mkono."

Nikamwambia nitakuja. Niliandika kwenye daftari: ngazi, kesho, saa nne. Neno hilo bado liko pale, ukurasa wa kulia, chini. Sikwenda. Nilikaa ofisini nikiipamba habari yangu. Kichwa chake kilikuwa "Muhuri Mmoja Wawashinda Wapangaji Arobaini", na mhariri aliisoma kwa sauti mbele ya chumba chote.

Kulileta ombi upya hakukuwa jambo la siku moja. Kamishna wa viapo alikuwa safarini. Aliporudi, masijala walilikataa jalada kwa sababu limefungwa kwa kamba badala ya pini. Likafungwa kwa pini. Siku ya tisa, Jumatano, saa nne na dakika sita asubuhi, ngazi za kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu ziliachia. Bibi Pazia alikuwa kwenye kipandio cha kumi na moja. Hakuna mwingine aliyeumia.

Hapo ndipo nilipoziona ngazi kwa mara ya kwanza. Vitambaa vyake vilikuwa vya kijani. Vilikuwa chini ya vumbi la zege, bado vimekunjwa vizuri.

Nilimpigia Rula simu. Alisema, "Nilifuata kanuni." Nikamwambia najua. Jumamosi yake alikuja kwangu akala, akanawa, akaondoka. Sikumwona akiwa na tofauti yoyote, na mimi kazi yangu ni kuona tofauti.

Iliundwa tume ya uchunguzi. Kwa miezi mitatu kila aliyeketi mbele yake alimnyooshea kidole mtu mmoja: yule wakili wa wapangaji. Angeleta karatasi kamili, ngazi zingefungwa, mama wa watu angekuwa hai. Hata wapangaji walianza kusema hivyo. Wateja walimkimbia. Nilimkuta siku moja kwenye benchi la korido akiwa amevua viatu.

"Nilikuwa na hakika niliuona ukigongwa," akaniambia. "Labda nimezeeka. Mtu anaweza kuona kitu ambacho hakikuwepo?"

Nilisimama nikaenda masijala, kazi ambayo ilinipasa kuifanya ile Jumatatu. Sheria yangu tangu nianze kazi ni kutoandika kabla sijaona jalada halisi, na mara moja tu sikuifuata.

Karani wa masijala ananijua. Alilileta jalada, akalifungua kwenye meza ya dirishani. Ukurasa wa nne ni karatasi ya picha, ile inayong'aa. Mbele hakuna muhuri. Niliugeuza. Nyuma ulikuwepo: wa mviringo, wa buluu, mzima, na sahihi na tarehe. Karatasi inayong'aa haishiki wino, kwa hiyo kamishna aligonga nyuma. Mashine ya kunakili ilichukua upande wa mbele tu.

Nilikaa kimya kidogo. Karani akasema, "Hata yule bwana alipouona alinyamaza hivyo hivyo."

"Bwana yupi?"

Akanigeuzia daftari ambalo kila anayefungua jalada halisi hutia sahihi. Kwa jalada lile kulikuwa na sahihi mbili. Ya chini ilikuwa yangu, wino haujakauka. Ya juu yake ilikuwa ya Rula. Tarehe yake ni Jumanne, siku moja baada ya uamuzi. Siku nane kabla ya ngazi.

Hilo ni zoea lake la miaka yote, Mama Mdogo. Kila anaposhinda, kesho yake huenda masijala kulinganisha nakala yake na halisi, ili jalada lake la ofisini liwe kamili. Hakuna wakili mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Wengine wakishinda wanakwenda kula.

Ofisi yake unaijua, juu ya duka la dawa, vipandio kumi na vinne. Nilipanda, nikaweka mezani nakala ya ule ukurasa wa daftari. Rula aliisoma mpaka chini.

"Uamuzi ulikuwa umeshatolewa," akasema. "Kuomba mapitio ni kazi ya upande ulioshindwa."

"Wangeomba vipi wakati hawakujua?"

"Kanuni haisemi kwamba upande ulioshinda..." Akaishia hapo. Aliinyoosha ile karatasi mpaka ukingo wake ukalingana na ukingo wa meza.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alisema kila siku saa nne asubuhi kuna mtu anapanda ngazi za ofisi yake. Anapanda polepole, na kitu cha nguo kinaburutwa nyuma yake. Akifika kipandio cha kumi na moja anasimama. Hafiki juu.

Nilimuuliza katibu muhtasi wake, mwanamke aliyekaa naye miaka kumi na mbili na asiye na maneno mengi. Alisema hajui lolote. Ila chai yake ya saa nne ameihamishia saa tatu na nusu, na anakwenda kuinywea upande wa pili wa barabara.

Mimi siandiki uvumi. Nilikaa pale asubuhi tatu, saa mkononi. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu, ila Rula aliacha kuandika kuanzia saa nne kamili mpaka saa nne na dakika saba. Siku ya tatu nilisikia kitambaa kikiburutwa juu ya zege. Nilifungua mlango. Hakukuwa na mtu. Nikashuka nikihesabu: kumi na vinne. Nikapanda nikihesabu: kumi na vitano. Nikarudia mara mbili, vikawa kumi na vinne. Sina maelezo. Nakuandikia nilivyohesabu.

Siku hiyo ndipo Rula alipofungua kabati. Ndani mlikuwa na maelezo yake kwa tume, aliyoyaandika na kuyaandika tena mara ishirini na tatu. Kila moja lilikuwa na kasoro aliyoizungushia wino mwekundu. Hili halina namba ya kiwanja. Hili limetaja kanuni iliyofutwa. Hili pambizo lake ni jembamba. Alinionyesha moja baada ya jingine.

"Siwezi kupeleka hili. Tazama mwenyewe."

"Rula, unajiwekea pingamizi mwenyewe."

"Nani mwingine ataniwekea?"

Chini kabisa ya zile karatasi nilikuta barua zake kwako. Ziko nne. Kila moja imeandikwa "Mama Mdogo mpendwa, shikamoo", basi, hakuna jingine. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hakujua aweke tarehe gani: ya siku aliyoanza, au ya siku atakayoweza kumaliza.

Tume ilikuwa inafunga kazi juzi Ijumaa, saa sita mchana. Alhamisi nilimwambia kwamba gazeti la Jumamosi litaitoa habari hii, aende asiende. Na nilimwambia kwamba yule wakili mwenzake atafutwa kwenye orodha ya mawakili kabla ya mwezi kwisha, kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Mimi ni ndugu yako," akasema.

"Ndiyo maana nimekwambia leo. Wengine huwa wananisoma kesho yake."

Karibu atabasamu. "Ungeiacha, ningekushangaa."

Ijumaa akaja na maelezo ya ishirini na nne, suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Tume inakaa juu, kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza. Wajumbe watano, katibu mezani, mimi na daftari langu, na yule wakili wa wapangaji ukutani na begi lake mapajani. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Katibu wa tume ni mtu wa miwani mbili, moja puani na moja kipajini. Alifungua kurasa taratibu. Akafika kwenye kiambatisho, akaurudisha mkono.

"Wakili msomi, hiki hakina muhuri."

Rula aliuchukua ukurasa. Akaugeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe. Alikuwa amesahau. Katika miaka yake yote ya uwakili, Mama Mdogo, sijawahi kumwona akisahau muhuri.

"Unazijua kanuni za tume kuliko mimi," katibu akasema, na hakuwa na ubaya wowote. "Karekebishe ulete. Ila sisi saa sita tunafunga."

"Uko sahihi," Rula akasema. Akakusanya karatasi, akazilinganisha kingo, akatoka.

Nilimfuata. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeambiwa daktari wa meno leo hayupo. Akaanza kushuka. Nilisimama juu, na nakiri niliwaza kwamba habari yangu imeshakamilika: alikwenda, akarudishwa.

Katikati ya ngazi alisimama. Mimi sikusikia kitu safari hii. Yeye alisikia. Alijibanza ukutani, kama unavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Alingoja. Kisha akaweka karatasi zake zote chini, kwenye kipandio, akanyoosha mkono wake wa kulia. Akaanza kupanda kurudi juu, kipandio kimoja kimoja, polepole sana, mkono umenyooka mbele kidogo, kama anayemshika mtu mzima kiwiko.

Mama Mdogo, yale maneno ya Bibi Pazia, kwamba nitamshika mkono, sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Hayamo kwenye habari yangu. Hayamo hata kwenye daftari.

Alinipita bila kunitazama, akaingia ukumbini mikono mitupu. Akasimama mbele ya meza.

"Muhuri ulikuwepo," akasema. "Uko nyuma ya ukurasa wa nne wa jalada halisi. Niliuona Jumanne. Nilinyamaza siku nane. Mwenzangu huyu hakukosea kitu."

Mwenyekiti akasema, "Wakili, huna maelezo yaliyopokelewa. Maneno haya hayataingia kwenye kumbukumbu."

"Najua. Ni maneno niliyozoea kuyasema mimi."

Kisha yule wakili wa wapangaji akauliza, tena kwa sauti ya kawaida, kama anauliza saa:

"Nyuma?"

"Nyuma," Rula akamjibu.

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Hakumshukuru. Hakumlaani pia. Alichomoa kitambaa, akafuta miwani yake, akaivaa, akainama kuvaa viatu. Mlangoni aligeuka akatutazama sote tuliokuwemo mle, mmoja mmoja, nami nikiwemo, kisha akaenda zake.

Mwenyekiti aliagiza jalada halisi liletwe. Lilifika saa sita na robo. Tume ilikuwa imeshafungwa kwa mujibu wa kanuni, lakini wote watano walikuwa bado kwenye viti vyao. Ukurasa wa nne ulipita mkono kwa mkono, na kila mmoja aliugeuza mwenyewe.

Nje Rula aliniuliza, "Umeandika nimesema saa ngapi?"

"Saa tano na dakika hamsini na mbili."

Akatazama saa yake. "Yangu ilikuwa hamsini na tatu." Nikangoja anibishie. Akasema, "Andika yako."

Habari imetoka jana. Iko ukurasa wa kwanza. Kuna mstari mmoja ambao mhariri alitaka kuukata: "Mwandishi wa habari hii aliahidi kwenda kuziona ngazi, hakwenda." Nilimwambia utoke pamoja na mengine au yasitoke kabisa. Umetoka.

Sasa Rula yuko kwangu, chumba cha mbele. Kamati ya nidhamu ya mawakili imemwita, na kwa ninavyowajua, leseni itakwenda. Hajalalamika. Ameweka ufunguo wa ofisi kwenye bakuli la vifungo. Anakula. Jana alikunja nguo zilizokuwa kwenye kamba bila kulinganisha kingo, nikajikuta nimesimama namtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akijaribu kutembea.

Kwa hiyo usingoje jibu lake. Mwandikie wewe. Tena mwandikie bila tarehe. Safari hii ataisoma.

Kuna jambo moja limebaki, nalo naliandika kwa sababu nimeahidi kukuandikia yote. Jana asubuhi nilikuwa jikoni nalipiga bomba kofi. Ilikuwa saa nne na kitu. Nikasikia kitambaa kikiburutwa. Haikuwa ofisini kwa Rula. Ilikuwa kwenye ngazi zangu hizi, unazozijua, zinazopanda hadi mlango wa kijani. Kilipanda, kikasimama. Rula alikuwa amelala, hakusikia. Sikufungua mlango. Leo asubuhi vile vile, na vile vile sikufungua.

Nisalimie binti yako, umwambie ile picha ya ukumbini imefika na kioo hakijavunjika. Mkweo mpe salamu zangu, apunguze sigara. Wajukuu pacha wabusu kwa zamu, yule wa meno aanze kwanza maana ndiye mwenye wivu. Rula anakuamkia, ameniomba niandike hivyo, nami nimemsikia kwa masikio yangu.

Mungu akuangazie jicho lako na akutie nguvu magotini, na kila ngazi utakayoikanyaga iwe imara chini yako.

Ni mimi mwanao,
Mdadisi wako yuleyule, anayekukumbuka kila anapolifungulia bomba.

Jumatatu, saa nne na nusu. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Leo nilifungua mlango. Ngazi zilikuwa tupu mpaka chini. Nilitoa mkono hata hivyo, nikashuka mpaka kipandio cha kumi na moja, nikasimama pale, kisha nikapanda polepole hadi ndani, mkono bado umenyooka. Rula alikuwa ameshavuta kiti. Bega langu la kulia linauma, kama la mtu aliyembeba mwenzake.